Motokaa Inayokataa Kuamka Asubuhi

Katika nyanda za juu za Kenya, miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi na ukungu. Huko Limuru, Kinangop, Molo na Timboroa mtu huamka alfajiri akakuta umande umefunika vioo vya gari, na mara nyingine majani ya uwanjani yamekuwa meupe kwa sakitu. Asubuhi za namna hiyo wenye magari huzijua kwa taabu moja. Mtu huketi, hugeuza ufunguo, na injini huguna kidogo kisha hunyamaza. Hugeuza mara ya pili, ya tatu na ya kumi, hata mwisho betri ikaisha kabisa, na majirani wakaitwa kuja kusukuma.

Jambo hili si dogo. Maziwa yaliyokamuliwa saa kumi na moja hayamngojei fundi aje saa nne. Yakichelewa kufika penye mtambo wa kupozea huchachuka, na mapato ya siku yamepotea. Mwalimu akichelewa, darasa hukaa bila mtu. Tena viko vijiji vingi ambavyo hutegemea gari moja tu kumfikisha hospitali mgonjwa aliyezidiwa usiku, au mama aliyeshikwa na uchungu. Gari likikataa kuwaka siku hiyo, hasara yake haihesabiwi kwa shilingi.

Iko na hasara ya pili, nayo ni ile ya kubahatisha. Mwenye gari huambiwa na mpita njia kwamba kasoro ni betri, akanunua betri. Wiki ya pili gari likikataa tena, mwingine humwambia ni plagi, akanunua plagi nne. Wa tatu humwambia ni pampu ya petroli. Mwisho wa mwezi amenunua vitu vitatu vipya na kutupa vitatu vizima, na ugonjwa ungali pale pale. Hekima ya jambo lote ni hii: kisinunuliwe kitu chochote mpaka injini imeulizwa imekosa nini. Nayo hujibu, ila hujibu kwa muda mfupi tu, yaani dakika zile za kwanza za asubuhi ingali baridi. Ikisha kusukumwa ikapata moto, ushahidi umepotea mpaka kesho.

MAMBO MANNE YANAYOTAKIWA NA INJINI

Injini ya petroli haiwaki ila kwa mambo manne. Kwanza, izungushwe kwa kasi ya kutosha. Pili, ipate petroli iliyochanganyika na hewa kwa kipimo chake. Tatu, ipate cheche ya umeme yenye nguvu, tena kwa wakati wake. Nne, mchanganyiko ule ukandamizwe barabara ndani ya silinda, usivuje kwenye valvu wala kwenye ringi za pistoni. Likikosekana moja tu, kazi haifanyiki.

Yafaa kuuliza kwa nini gari lililokwenda vizuri jana jioni likatae leo, na hali hakuna aliyeligusa usiku. Sababu ni mbili: baridi, na kule kusimama. Baridi hupunguza nguvu ya betri; hata betri iliyojaa, ikipatwa na baridi ya kugandisha maji, hubakiwa na kama theluthi mbili tu ya nguvu yake ya kuzungusha injini. Wakati huo huo mafuta ya injini huwa mazito, na injini hutaka nguvu zaidi ili izunguke. Ni kama mdai aliyezidisha deni siku ile ile mdaiwa alipopungukiwa. Petroli nayo haigeuki mvuke upesi katika baridi, na petroli isiyogeuka mvuke haishiki moto. Umande huingia katika nyaya za plagi. Na kule kusimama saa kumi au kumi na mbili huwapa nafasi wezi wadogo wadogo: umeme huvuja polepole katika betri, na petroli hurudi katika tanki ikaacha mabomba bila nguvu. Kwa hiyo kasoro ambayo mchana hufichwa na joto, asubuhi hujitokeza yenyewe.

KUSIKILIZA KABLA YA KUFUNGUA BONETI

Mwenye gari na azime redio, taa na feni, kisha ageuze ufunguo mara moja tu, na asikilize kwa makini. Sauti atakayoisikia itampeleka upande mmoja au mwingine.

Ikiwa ni kimya kabisa, wala taa za mbele ya dereva haziwaki, betri imekwisha au waya wake umeachana. Ikiwa taa zinawaka, lakini panasikika mlio wa haraka, tak-tak-tak-tak, betri ina umeme kidogo usiotosha kuzungusha stata, au waya wake haukushika vizuri. Ikiwa ni mlio mmoja tu, kisha kimya, na taa hazikufifia, stata yenyewe au swichi yake ndiyo ya kushukiwa. Ikiwa injini inazunguka polepole, kwa kuchoka, kama mzee anayepanda mlima na mzigo, shauri ni la betri, au nyaya nene, au stata. Hapo hapana haja ya kugusa plagi wala pampu.

Lakini ikiwa injini inazunguka upesi kama kawaida yake, ila haishiki, basi betri haina kosa. Kumnunulia mtu kama huyo betri mpya ni kumpa dawa ya jicho mwenye kuumwa na jino. Huyo na atafute upande wa petroli na cheche. Na injini inayoshika kisha ikafa mara moja, mara nyingi huwa imepata petroli ya kuanzia tu, isipate ya kuendelea, au njia yake ya hewa imezibwa na uchafu. Magari ya siku hizi yana pia kinga ya wizi inayoutambua ufunguo. Ikiwa taa ndogo yenye picha ya ufunguo inapepesa na injini haishiki, ajaribu kwanza ufunguo wa akiba kabla ya kumwita mtu.

Tena stata isishikiliwe zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja, na baada ya kila jaribio ipumzishwe kama dakika moja. Stata hula umeme mwingi sana, na mtu anayeishikilia kwa hasira huiunguza stata na kuimaliza betri kwa pamoja.

BETRI NA KIPIMO CHAKE

Zamani mwenye betri dhaifu alikuwa na dawa ya mkono. Stata ya umeme ilitengenezwa na Charles Kettering wa Marekani mwaka 1911, na kampuni ya Cadillac ikaiweka katika magari yake ya 1912. Kabla ya hapo injini ilizungushwa kwa hendeli ya chuma. Hata baadaye magari mengi, mathalani Land Rover zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948, yaliendelea kuwa na hendeli yake. Hendeli iliweza kuvunja mkono wa mtu injini iliporudi nyuma, walakini ilimwondoa njiani asiye na umeme. Magari ya sasa hayana hendeli, kwa hiyo dereva hana budi kuijua hali ya betri yake.

Chombo cha kazi hii ni mita ndogo ya kupimia umeme, nayo huuzwa kwa bei nafuu kuliko betri yenyewe. Betri ya volti 12 na ipimwe asubuhi kabla ya kufungua mlango wala kuwasha kitu. Ikionyesha volti 12.6 au zaidi kidogo, imejaa. Ikionyesha 12.4, imebaki robo tatu. Ikionyesha 12.2, imebaki nusu. Ikifika 12.0 imekaribia kwisha, wala isitegemewe asubuhi ya baridi. Kisha mtu wa pili ageuze ufunguo, na yule wa kwanza aitazame mita wakati stata inapozunguka. Isishuke chini ya volti 9.6. Betri inayoonyesha 12.6 ikiwa imetulia, kisha ikaanguka hata 8 au 7 mara tu stata inapoitaka, imechakaa ndani, hata kama kwa nje inang'aa. Betri nyingi huishi kati ya miaka mitatu na mitano. Yenye umri huo isilaumiwe ikichoka.

Injini ikisha kuwaka, apime mara ya tatu. Katika magari mengi mita itaonyesha kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 tu, alternata haitoi umeme, na betri inakula akiba yake kila siku isirudishiwe. Kuna watu walionunua betri mbili katika mwaka mmoja, kumbe kosa lilikuwa mkanda wa alternata uliolegea.

NYAYA, UNGA MWEUPE NA MAGADI

Kabla ya kuilaumu betri, vitazamwe vichwa vyake. Mara nyingi huota unga mweupe au wa kijani, nao huzuia umeme kupita. Dawa yake i jikoni. Magadi yale yale ya kupikia maharagwe, kama yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, huua makali ya asidi. Kijiko kimoja kiyeyushwe katika kikombe cha maji ya moto, kisha maji hayo yapakwe kwa brashi ya zamani juu ya vichwa vya betri. Yatatoa povu, na povu likikoma, kazi imekwisha. Magadi yasiingie ndani ya betri kwa vifuniko vyake, maana yataiharibu. Baadaye paoshwe kwa maji safi, pakaushwe, vichwa vikwanguliwe hata ving'ae, vifungwe imara, na vipakwe mafuta mazito ya mgando ili unga usirudi. Wakati wa kufungua, waya wa upande wa kutoa hutolewa kwanza, na wakati wa kufunga hurudishwa mwisho.

Uko na waya mmoja ambao husahauliwa na wengi. Ni ule unaounganisha betri na bodi ya gari pamoja na injini, uitwao na mafundi waya wa athi. Umeme hauna faida ukienda usipopata njia ya kurudi, na waya huu ndio njia yake. Hukaa chini, penye matope na maji, ukaliwa na kutu bila kuonekana.

Mfano ni huu. Pikapu ya kubebea maziwa huzunguka polepole kila asubuhi. Mwenyewe hununua betri mpya, na kwa majuma mawili pikapu huwaka vizuri. Naye hujipongeza kwamba ameugundua ugonjwa. Wiki ya tatu baridi ikizidi, taabu hurudi. Hutolewa stata, ikapelekwa kwa fundi, ikarudi na bei. Taabu ingali. Mwisho mtu mmoja huweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha kutoa cha betri, na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, kisha ufunguo ukageuzwa. Kama waya ni mzima, mita haitazidi sehemu ndogo ya volti moja. Hapa inaonyesha volti mbili. Maana yake ni kwamba volti hizo mbili zinapotea njiani kila asubuhi, hazifiki kwenye stata. Waya unafunguliwa: ncha yake imejaa kutu. Unasuguliwa kwa msasa na kufungwa upya, na pikapu inawaka. Betri mpya haikuwa imeponya kitu. Ilikuwa na nguvu za ujana tu za kuushinda ugonjwa kwa muda. Kipimo cha dakika mbili kingaliokoa bei ya betri na ya stata.

MWIZI WA USIKU

Pengine betri ni nzima na nyaya ni safi, walakini kila asubuhi umeme umepungua. Hapo yafaa kufanya hesabu ya usiku. Jioni, saa moja baada ya kuzima gari, betri ipimwe na kiasi kiandikwe. Asubuhi ipimwe tena. Tuseme ilikuwa 12.6 na sasa ni 12.1. Jioni ya pili ipimwe vile vile, lakini safari hii waya wa upande wa kutoa ufunguliwe usiku kucha. Asubuhi ikikutwa imeshuka vile vile, betri yenyewe ndiyo inayojila, nayo ibadilishwe. Ikikutwa haikushuka, betri ni nzima, na kuna kitu ndani ya gari kinachokula umeme watu wamelala.

Mwizi huyo mara nyingi ni taa ya buti isiyozimika kifuniko kikifungwa, au redio iliyofungwa na fundi asiyejua, au king'ora, au kile chombo cha kufuatilia gari mahali lilipo, au alternata iliyovuja. Gari lililozimwa na kutulia, kwa kawaida halifai kula zaidi ya miliampea 50. Fyuzi zikitolewa moja moja huku mita ikitazamwa, ile ambayo ikitolewa umeme hushuka, ndiyo iliyo katika njia ya mwizi.

PETROLI ISIYOFIKA, NA PETROLI ILIYOZIDI

Sasa na litazamwe gari linalozunguka upesi lakini halishiki. Katika magari yenye nozeli za petroli, pampu hujaza mabomba kwa nguvu, na kilango kidogo huzuia petroli isirudi katika tanki usiku. Kilango hicho kikichakaa, asubuhi mabomba hayana nguvu, na stata huzungushwa muda mrefu kabla petroli haijafika. Kuna jaribio jepesi lisilogharimu hata senti. Ufunguo ugeuzwe hadi taa ziwake, bila kuzungusha stata, kwa sekunde tatu. Mara nyingi pampu itasikika ikivuma. Uzimwe, urudishwe tena, mara tatu. Kisha stata izungushwe. Injini ikishika mara moja, na jana bila kufanya hivyo ilisumbua, basi petroli ilikuwa imerudi nyuma usiku, na kosa liko kwenye pampu, au kilango chake, au mahali panapovuja.

Ikiwa jaribio hilo halikusaidia, na panasikika harufu kali ya petroli, na injini ikishika hutoa moshi mweusi, hapo kosa ni kinyume chake. Nozeli imevuja usiku, na silinda imelowa petroli. Dawa ya papo hapo ni kukanyaga mafuta hadi chini na kuzungusha stata kwa sekunde chache; katika magari mengi kompyuta hukata petroli dereva akifanya hivyo, hewa ikapita na kuikausha silinda. Lakini dawa ya kweli ni kuiponya nozeli.

Kuna na kosa la tatu, nalo ni la hila. Kompyuta ya gari hupima joto la maji ya injini kwa kifaa kidogo kiitwacho sensa, na injini ikiwa baridi huongeza petroli. Sensa hiyo ikisema uongo kwamba injini ni ya moto, kompyuta hutoa petroli kidogo, na gari hukataa asubuhi ingawa mchana huenda bila taabu. Kuigundua ni rahisi kwa fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta: asubuhi, kabla ya kuwasha, joto la maji likaribiane na joto la hewa ya nje. Hewa ikiwa ya digrii 9 na mashine ikasema maji yana digrii 60, sensa ni mwongo.

Kwa magari ya zamani yenye kabureta, kazi hii ya kuongeza petroli hufanywa na choki. Injini ikiwa baridi choki huvutwa yote, na injini ikishika hurudishwa kidogo kidogo. Choki iliyokwama ikiwa wazi huleta taabu ya asubuhi. Iliyokwama ikiwa imefungwa hulevya injini kwa petroli, ikatoa moshi mweusi. Mwenye gari la namna hii na akumbuke pia mwinuko wa nchi. Molo iko kiasi cha meta 2,500 juu ya bahari, na huko mkandamizo wa hewa umepungua kwa karibu robo ukilinganisha na Mombasa. Kabureta iliyopimwa vizuri pwani, ikipandishwa huko hutoa petroli nyingi kupita hewa iliyopo. Gari si gonjwa. Linataka kupimwa upya kwa ajili ya mahali linapokaa.

CHECHE NA UMANDE

Kama petroli inafika, cheche itafutwe. Dalili kubwa ni hii: gari hukataa siku za ukungu na mvua tu, wala halikatai siku za baridi kavu. Hapo umande umeingia katika nyaya za plagi zilizopasuka, au katika kifuniko cha distributa kwa magari yaliyo nayo, na umeme unakimbilia bodi badala ya plagi. Usiku wenye giza, boneti ikifunguliwa na injini ikiwaka, cheche ndogo za buluu huonekana zikiruka pasipotakiwa. Waya wa namna hiyo haufutwi kwa kitambaa tu; hubadilishwa. Kisha plagi zitolewe na zitazamwe. Iliyo na masizi makavu meusi imepata petroli nyingi. Iliyolowa haikupata cheche. Yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzima. Nafasi ya ncha zake, ambayo katika magari mengi ni kati ya milimita 0.7 na 1.1, ifuatwe kama ilivyoandikwa katika kitabu cha gari.

Mambo haya yote yakiwa sawa, na injini ingali ngumu kushika, ipimwe mkandamizo wa silinda. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kipimo, nayo ni ya mwisho, si ya kwanza.

GARI LA DIZELI

Dizeli haina plagi ya cheche. Hewa hukandamizwa mno hata ikawa moto wa kuiwasha dizeli yenyewe. Asubuhi ya baridi chuma cha injini hunyonya moto huo, na kwa hiyo injini nyingi zina hita plagi, moja kwa kila silinda, za kupasha moto kwa sekunde chache. Dereva na angoje taa yenye picha ya waya uliojizungusha izimike kabla ya kuzungusha stata. Wengi hawangoji, kisha hulaumu gari. Ikiwa injini hushika kwa kutetemeka, na kutoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, kisha ikatulia baada ya dakika moja, huenda hita plagi moja au mbili zimekufa.

Ikiwa hita plagi ni nzima, hewa imeingia katika mabomba. Magari mengi yana pampu ndogo ya mkono juu ya filta. Asubuhi ibonyezwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha gari lijaribiwe. Likishika upesi, pana mahali hewa inapoingia usiku. Jaribio jingine ni la mlimani: gari lililaze siku moja likielekeza pua chini ya mteremko, na siku ya pili juu. Likiamka vizuri pua ikiwa chini na kukataa pua ikiwa juu, dizeli inarudi katika tanki. Filta nayo ifunguliwe chini ili maji yatoke.

HATARI ZA KUANGALIWA

Kutafuta kasoro kusilete msiba. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo isisogezwe sigara wala kibiriti. Katika kuazima umeme wa gari jingine, waya mwekundu hufungwa kwanza kwenye kichwa cha kuongeza cha betri iliyokwisha, kisha kwenye kile cha betri nzima. Waya mweusi hufungwa kwenye kichwa cha kutoa cha betri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokwama, mbali na betri.

Gari lenye gia za kujiendesha halisukumwi likawaka. Lenye gia za mkono laweza, lakini lisisukumwe mara nyingi, maana petroli isiyoungua huharibu kile chombo cha kusafishia moshi. Tena kwenye mteremko gari lisilowaka lina breki ngumu na usukani mzito, na watu wamepata ajali kwa jambo hilo. Dawa ya kupuliza ya etha isitumiwe katika dizeli yenye hita plagi, kwani huweza kulipuka na kuvunja pistoni. Lisiwekwe jiko la makaa chini ya injini ili kuipasha moto.

Na kubwa kuliko yote: injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa ili eti ipate joto. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa ameketi kimya, hajui kwamba anakufa. Milango ifunguliwe, gari litolewe nje, ndipo lingoje.

DAFTARI LA GARI

Mwenye gari na aweke daftari dogo ndani ya gari. Asubuhi ya taabu aandike tarehe, hali ya hewa, sauti aliyoisikia, volti za betri, rangi ya moshi, na jambo lililosaidia. Baada ya asubuhi tatu au nne za namna hiyo, karatasi itaonyesha njia. Fundi anayeambiwa, "Gari langu ni bovu," huanza kwa kubahatisha, na malipo ya kubahatisha hutoka katika mfuko wa mwenye gari. Fundi anayeambiwa, "Huzunguka upesi, haishiki, hakuna moshi, nikifungua ufunguo mara tatu huwaka," amepewa nusu ya kazi imekwisha kufanywa.

Tena kazi hii ina majira yake. Mwezi wa Mei, kabla baridi haijaingia, betri ipimwe, vichwa vyake vioshwe, waya wa athi ukazwe, filta zitazamwe, na mafuta ya injini yawe ya uzito ulioandikwa katika kitabu cha gari. Kazi hiyo huchukua asubuhi moja ya Jumamosi. Atakayeifanya, usiku mgonjwa akiletwa mlangoni pake, atageuza ufunguo mara moja.